Wimbo wa Kuli Una Mwenyewe?

 Wiki hii naomba tuanzie bandarini. Si bandari zetu hizi tunazozijua, bali zile za pwani ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, zama za merikebu za matanga. Makuli weusi walikuwa wakipakia mbao kutwa nzima, jua likiwachoma utosi na kamba zikiwachubua viganja. Jioni nahodha huwaambia: nendeni mkalale, fedha yenu mtaipata kesho. Asubuhi makuli wakirudi hukuta gati tupu. Merikebu imeng'oa nanga usiku, na ujira wao umekwenda nayo. Ndivyo inavyosimuliwa. Na inasimuliwa pia kwamba kwa kuchoshwa na mchezo huo ndipo walipoanza kuimba kazini wimbo wa kumdai nahodha fedha yao, tena hapo hapo, mkononi.

Mama mmoja wa kizungu, Lydia Parrish, aliyekuwa akikaa katika kisiwa cha St. Simons, aliukusanya wimbo huo na mwaka 1942 akauchapisha katika kitabu cha nyimbo za watumwa wa visiwa vya Georgia. Kutoka kitabuni ukaingia midomoni mwa waimbaji wa mjini. Na mwezi Aprili 2006 ukaibukia mahali ambapo hakuna kuli wa Georgia aliyepata kupaota: ndani ya albamu ya Bruce Springsteen, mmoja wa wanamuziki wa roki wenye fedha nyingi kabisa duniani. Wimbo unaitwa "Pay Me My Money Down".

Tajiri anaimba wimbo wa kudai mshahara! Anayetaka kucheka na acheke. Mimi mwenyewe nilicheka kwanza. Lakini nilipoisikiliza albamu ile hadi mwisho, na kuufuata wimbo mmoja mmoja hadi ulikotoka, kicheko kiliniisha, likabaki swali ambalo ndilo nataka tuzungumze leo. Wimbo uliotungwa na mtu asiye na jina, ukapita mikono kumi hadi ukafika dukani ukiwa na bei, ni wa nani?

Kwanza huyu Springsteen. Alizaliwa mwaka 1949 katika jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa mtu wa vibarua vya kubadilisha: mara kiwanda cha mazulia, mara dereva wa basi, mara askari wa gereza. Mtoto alinunua gitaa, na mwaka 1975 albamu yake "Born to Run" ikamtoa. Mwaka 1984 ikaja "Born in the U.S.A.", ambayo iliuzwa kwa mamilioni, na hapo akawa mtu wa viwanja vya mpira, gitaa la umeme, saksafoni na ngoma za kutetemesha kifua. Wimbo wenyewe unaoibeba albamu hiyo unamhusu askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akakosa kazi. Hilo halikumzuia Rais Reagan, akiwa katika kampeni yake mwaka huo huo, kulitaja jina la Springsteen kama mwimbaji wa matumaini. Watu husikia kibwagizo, hawasikilizi maneno. Tuliache hilo, maana si peke yao.

Mwaka 1997 Springsteen aliombwa atoe wimbo mmoja kwa ajili ya albamu ya kumuenzi mzee Pete Seeger, mwimbaji wa nyimbo za jadi. Akachukua santuri za Seeger, akakaa kuzisikiliza. Huyu ni mtu aliyekuwa ameimba miaka thelathini, na hapo akagundua ghala zima la nyimbo za nchi yake ambalo alikuwa akipita tu mlangoni. Akawaita wanamuziki kutoka New York, watu aliowajua kwa kupiga katika sherehe za shambani kwake. Hawakuja na magitaa ya umeme. Walikuja na fidla, banjo, akodiani na tarumbeta. Walirekodi siku moja tu, nyumbani kwake shambani, sebuleni, na wapiga tarumbeta wakakaa ukumbini kwa kukosa nafasi. Hakukuwa na mazoezi. Mwaka 2005 akawaita tena siku moja, na mwaka 2006 tena siku moja. Siku tatu katika miaka tisa, na albamu ikapatikana, yenye nyimbo 13: "We Shall Overcome: The Seeger Sessions". Ukiisikiliza vizuri utamsikia Springsteen akiwaita wenzake kwa sauti, sasa fidla, sasa tarumbeta, kama kiongozi wa ngoma ya harusi. Bendi yake maarufu, ile ya E Street, haikuitwa kwa jina lake.

Lakini jambo lililonishika ni hili. Albamu imeitwa kwa jina la Seeger, na hakuna hata wimbo mmoja ndani yake ambao Seeger aliutunga peke yake tangu mwanzo. Ule wa kichwa cha albamu aliutia mkono tu, nao tutaufikia. Zote alizichukua kwa wengine. Seeger alikuwa mchukuzi. Aliupokea mzigo gatini akaubeba hadi mjini, na baadhi ya mizigo hiyo, kama tutakavyoona, haikuwa na hati safi.

Pete Seeger alizaliwa New York mwaka 1919, mtoto wa profesa wa muziki. Alikuwa kijana mdogo alipokwenda na baba yake kwenye tamasha moja huko Asheville, North Carolina, mwaka 1936, akasikia banjo ya nyuzi tano, na tangu siku hiyo akawa mateka wake. Nanyi mnajua, au mjue leo, kwamba banjo hiyo ambayo Wamarekani weupe wa milimani huiona kuwa yao haswa, ilitoka Afrika Magharibi. Watumwa ndio walioijua: kibuyu kilichowambwa ngozi, kikatiwa mpini na nyuzi. Seeger aliacha masomo yake Harvard mwaka 1938, na baadaye kidogo akapata kazi katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, chini ya Alan Lomax, mkusanyaji mkubwa wa nyimbo.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo biashara inapoanza. Mwaka 1933 Alan Lomax na baba yake, John, walizunguka magereza ya kusini wakiwa na mashine ya kurekodia, nzito ya kubebwa kwa gari. Katika gereza la Angola, jimboni Louisiana, walimkuta mfungwa mweusi aitwaye Huddie Ledbetter, ambaye wenzake walimwita Lead Belly. Mtu huyo alikuwa na nyimbo nyingi kichwani, na mmoja aliouimba ulikuwa "Goodnight, Irene", ambao yeye mwenyewe alisema aliupata kwa mjomba wake. Lead Belly alifariki New York mwezi Desemba 1949, akiwa hana kitu. Mwaka uliofuata, Seeger na wenzake watatu katika kundi lao la The Weavers wakautoa wimbo huo katika santuri, nao ukakaa nafasi ya kwanza Marekani majuma 13. Katika hati za wimbo, pembeni ya jina la Ledbetter liliandikwa jina la John Lomax, mtu ambaye kazi yake katika wimbo huo ilikuwa kuwasha mashine. Sisemi Lomax hakufanya kazi. Bila yeye tusingesikia lolote. Nasema kuwasha mashine si kutunga.

Kisha Seeger naye yakamkuta. Zama zile Marekani ilikuwa ikiwasaka wakomunisti, na Seeger alikuwa amewahi kuwa mwanachama wa chama hicho. Mwezi Agosti 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Wengine walioitwa walikuwa wakijikinga na kifungu cha Katiba kinachomruhusu mtu asijishitaki mwenyewe. Seeger hakujikinga nacho. Alisema tu kwamba aliimba wapi, na mbele ya nani, si mambo ya kuulizwa Mmarekani yeyote kwa kushurutishwa, lakini kama wanataka kuzijua nyimbo zake yuko tayari kuwaimbia. Hawakutaka. Mwaka 1961 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kulidharau Bunge, na mwaka 1962 mahakama ya rufani ikaifuta hukumu. Hata hivyo, vituo vikubwa vya televisheni viliendelea kumfungia mlango hadi mwaka 1967. Kwa hiyo alifanyaje? Alikwenda shuleni, vyuoni, kwenye kambi za watoto, popote palipokuwa na viti na malipo kidogo. Wale waliomfungia televisheni ndio waliomsukuma kwa watoto wa nchi nzima, nao watoto wale wakakua na nyimbo zile vichwani, na kufika miaka ya 60 wakawa ndio vijana wa maandamano. Serikali zote zinazopenda kufunga midomo zingekisoma kisa hiki kwa faida yao.

Na sasa mzigo usio na hati. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda aliingia studio na kundi lake, The Evening Birds, akaimba wimbo uitwao "Mbube". Mbube kwa Kizulu ni simba. Linda alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika kampuni iliyotoa santuri hiyo, na kwa haki zote za wimbo inasemwa alipewa shilingi kumi. Santuri ikavuka bahari, ikafika kwa Alan Lomax, naye akampa Seeger. Seeger akasikiliza, sikio lake halikulipata neno la Kizulu sawasawa, akaandika "Wimoweh". Ndivyo The Weavers walivyouimba, na mwaka 1952 ukatoka ukavuma. Na unajua mtunzi aliandikwa nani? Paul Campbell. Huyo Paul Campbell hakuzaliwa na hakufa, maana hakuwapo. Lilikuwa jina la bandia ambalo The Weavers na mchapishaji wao walilitumia kukusanyia mirabaha ya nyimbo walizodhani hazina mwenyewe.

Seeger alipojua kwamba wimbo una mtu, na mtu huyo yu hai, alituma dola elfu moja na akaagiza fungu lake limwendee Linda. Mzee alikuja kukiri hadharani kwamba hakufuatilia ipasavyo. Mwaka 1961 vijana wa The Tokens wakaugeuza, wakautia maneno ya Kiingereza ya simba aliyelala, ukazunguka dunia. Mwaka 1962 Solomon Linda akafariki maskini, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ikautia katika filamu yake ya simba, ile ambayo ilichota na kwetu majina ya Simba na Rafiki, na msemo wetu wa kila siku, hakuna matata, ambao baadaye ilikwenda kuusajili kuwa alama yake ya biashara katika fulana. Mabinti wa Linda wakaenda mahakamani mwaka 2004. Shauri likamalizwa kwa mapatano mwezi Februari 2006.

Mwezi Februari 2006, wasikilizaji. Na albamu ya Springsteen ya kumuenzi Seeger ikatoka tarehe 25 Aprili mwaka huo huo. "Mbube" haumo ndani yake.

Tuuchukue basi "John Henry", ambao umo, tena umepigwa kwa kasi ya kukimbiza treni. Karibu kila mtoto wa Kimarekani anakijua kisa chake: mtu mweusi mwenye nguvu za ajabu, mpiga nyundo wa handaki la reli, aliyeshindana na mashine ya mvuke ya kutoboa mwamba, akaishinda, kisha akaanguka akafa na nyundo mkononi. Katika milima ya West Virginia amesimamishiwa sanamu, kifua wazi, mikono kama magogo. Mwaka ule ule wa 2006 mwanahistoria Scott Nelson alitoa kitabu chenye picha nyingine. Alichimba kumbukumbu za gereza la Virginia akamkuta mfungwa aitwaye John William Henry, kijana wa miaka 19, mfupi wa futi tano na kidogo, aliyehukumiwa miaka kumi kwa wizi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Gereza lilikuwa likiwakodisha wafungwa kwa kampuni ya reli ya Chesapeake and Ohio kwa senti chache kwa siku. Senti hizo zilikwenda gerezani, si kwa wafungwa. Katika mahandaki mwamba ulipasuliwa kwa nyundo, tindo na mlipuko, na vumbi lake likajaa mapafuni. Kwa maelezo ya Nelson, kilichowaua wapiga nyundo wengi ni vumbi lile, si mashindano.

Wapo wataalamu wasiokubali kwamba kijana huyo ndiye John Henry mwenyewe. Mimi sina mizani ya kuwapima. Lakini kumbukumbu hizo zinaonyesha mfungwa huyo alitoka New Jersey, jimbo la Springsteen, na kwamba nyundo iliyopigwa kwa kukodishwa ilijenga reli kwelikweli. Ukijua hilo, ile kasi ya banjo na fidla inabadilika masikioni. Nyimbo za namna hii zilitumika kupangia mapigo ya nyundo, na wapo wanaodhani zilikuwa pia njia ya kuambiana: polepole, ndugu yangu, usijiue kwa ajili ya hawa.

Hapo namsifu Springsteen. Kuna mahali simsifu. Albamu yake inaanza kwa "Old Dan Tucker", wimbo wa kuchangamsha, na kweli unachangamsha. Ulichapishwa mwaka 1843 na kutajwa kuwa wa Dan Emmett, mzungu wa Ohio aliyekuwa na kundi la wachekeshaji weupe waliojipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa ili waigize watu weusi kwa dhihaka. Huo ndio ulikuwa burudani kubwa kuliko zote Marekani ya wakati huo, watu wakilipa kiingilio kumcheka mtumwa wakati mtumwa mwenyewe yuko shambani akichuma pamba. Unapoanza kwa wimbo huo, na mara unaingia nyimbo za wana wa watumwa kana kwamba wote ni jamaa wa ukoo mmoja, unakuwa umepatanisha watu ambao hawakuwahi kuulizwa kama wamepatana. Sauti ya albamu ni ya karamu, na karamu haipendi kuuliza mgeni huyu alialikwa na nani.

Nyingine nazipita haraka, si kwa ubaya. "Erie Canal" unahusu wakokota mashua kwa nyumbu katika mfereji uliofunguliwa mwaka 1825. "Mrs. McGrath" ni mama wa Ireland ambaye mwanawe amerudi vitani bila miguu, uliwekwa katika albamu wakati vijana wa Kimarekani walikuwa Irak, na aliyetaka kuelewa alielewa. "My Oklahoma Home" ni wa mkulima aliyepeperushiwa shamba lake na dhoruba za vumbi za miaka ya 30.

Sasa twende New Orleans, mahali ambapo nyimbo hizi zilipimwa. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani ya Katrina ilipiga, kingo za maji zikabomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Watu zaidi ya elfu moja walikufa, wengi wakiwa maskini na weusi, baada ya kungoja msaada juu ya mapaa siku baada ya siku. Miezi minane baadaye mji ulifanya tamasha lake la muziki kama kila mwaka, ingawa mitaa mizima ilikuwa bado magofu. Tarehe 30 Aprili 2006, siku tano tu baada ya albamu kutoka, Springsteen akapanda jukwaani na kundi lake jipya. Alikuwa mgeni, mzungu wa kaskazini, ameleta tarumbeta kwa watu waliozaliwa na tarumbeta. Wangeweza kumzomea.

Aliwaimbia "O Mary Don't You Weep", wimbo wa kiroho wa enzi za utumwa, unaokumbusha majeshi ya Farao yaliyozama. Hebu fikiria kuimba habari za maji na kuzama mahali pale. Kisha akauchukua wimbo wa Blind Alfred Reed, mpiga fidla kipofu wa West Virginia, aliourekodi mwishoni mwa mwaka 1929, majuma machache baada ya soko la hisa kuanguka, akiuliza maskini ataishije nyakati kama hizi. Springsteen alibakiza swali la Reed na kuongeza beti zake mwenyewe juu ya mji ule uliotelekezwa, na kabla ya kuimba alimsema Rais Bush kwa maneno makali kwamba alisimama kando akitazama. Taarifa za siku ile zinasema watu walilia waziwazi uwanjani. Hakuwa ameleta kitu cha makumbusho. Wimbo wa miaka 77 uliongezwa beti tatu, ukawa wa asubuhi ile. Nadhani Reed asingegomba.

Kwingine Marekani mambo hayakuwa moto hivyo. Baadhi ya mashabiki wake wa zamani waliutaka umeme wao, na kuna kumbi ambazo hazikujaa. Ulaya walimpokea kwa shangwe. Mwezi Februari 2007 albamu ikapata tuzo ya Grammy ya muziki wa jadi. Na mwezi Januari 2009 Springsteen alisimama na Seeger, mzee wa miaka 89, mbele ya sanamu ya Lincoln mjini Washington, siku mbili kabla ya Barack Obama kuapishwa. Waliimba "This Land Is Your Land" wa Woody Guthrie, tena pamoja na zile beti ambazo shuleni huachwa, za kibao cha mali ya mtu binafsi na za watu wenye njaa wanaopanga foleni ya msaada. Seeger ndiye aliyesisitiza ziimbwe. Alifariki mwezi Januari 2014.

Turudi kwenye fedha, maana kuli wetu bado anangoja gatini. Ukisoma majina ya watunzi katika albamu ile, nyimbo nyingi zimeandikwa kuwa za jadi, zikafuatiwa na jina la Springsteen kama mpangaji. Sheria inamruhusu. Wimbo usio na mwenyewe anaweza kuupanga yeyote, na mpangaji hulipwa kwa mpango wake. Mwezi Desemba 2021 iliripotiwa kwamba aliiuzia kampuni ya Sony haki za kazi zake zote kwa dola kama milioni 500. Simlaumu mtu kwa kuuza jasho lake. Naweka tu hesabu hiyo kando ya shilingi kumi za Solomon Linda ili mzione pamoja.

Umebaki wimbo wa kichwa cha albamu, ule aliourekodi wa kwanza mwaka 1997, na ambao ameuimba polepole, karibu kwa kunong'ona. Mwezi Oktoba 1945, mjini Charleston, South Carolina, wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha American Tobacco waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Wengi wao walikuwa wanawake weusi. Mgomo ulichukua miezi kama mitano, ukiwa na mvua na baridi ya mlangoni. Jioni, wakati wa kutawanyika, mwanamke mmoja aitwaye Lucille Simmons alikuwa akianzisha wimbo wa kanisani, polepole mno, na wenzake wakiitikia. Kanisani ulikuwa wa mtu mmoja, kwamba yeye atashinda siku moja. Langoni mwa kiwanda ukawa wa wote. Kwa Kiswahili tungesema ni- imeondoka, imekuja tu-. Silabi moja, na wimbo umehama kutoka rohoni mwa muumini kwenda katikati ya barabara.

Baadhi ya wagomaji waliupeleka Highlander, shule ya wafanyakazi huko Tennessee ambako weusi na weupe walikaa darasa moja kinyume cha sheria za jimbo. Mwalimu Zilphia Horton akaushika, mwaka 1947 akamfundisha Seeger, na mwezi Aprili 1960 Guy Carawan akawaimbia wanafunzi weusi waliokutana Raleigh kuunda chama chao cha kupinga ubaguzi. Miaka mitano baadaye Rais Johnson aliyatamka maneno yake mbele ya Bunge. Wimbo ulisajiliwa mwaka 1960 na tena mwaka 1963. Seeger alieleza kwamba walihofia Hollywood ingeuchukua na kuugeuza wimbo wa mapenzi, na mirabaha yote ikawekwa katika mfuko wa Highlander wa kuwasaidia wasanii weusi wa kusini. Hivyo walikuwa wamejifunza. Majina katika hati yalikuwa manne: Horton, Hamilton, Carawan na Seeger. La Lucille Simmons halikuwamo.

Mwaka 2016 watu waliotaka kuutumia wimbo katika filamu walikwenda mahakamani, wakidai hakuna mtu mwenye haki ya kuutoza. Mwaka 2017 jaji aliamua kwamba ubeti wake mkuu haulindwi na hakimiliki, na mwezi Januari 2018 wachapishaji wakakubali uwe mali ya umma. Kwa hiyo ukitaka kuuimba kesho, hudaiwi senti. Kile kiwanda cha Charleston bado kipo, barabara ya East Bay, jengo kubwa la matofali. Siku hizi ndani yake kuna ofisi na maduka, na nje pamesimamishwa kibao kinachoeleza mgomo na wimbo.